Kona ya Ukurasa wa Thelathini na Nne

Mtaa wa Norias, nambari 9,
Fuentelcardo,
Ciudad Real, Uhispania.
5 Septemba 2011

Mpendwa dada yangu Obdulia,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Leoncio. Hujambo wewe? Presha imeshuka, au bado unakula chumvi kwa kujificha? Na binti yako Graciela, amepata nguvu tangu ajifungue? Na huyo Malena wenu ananyonya vizuri, anawaacha mlale? Picha yake tumeiweka juu ya friji. Leoncio anasema ana masikio ya ukoo wetu, maskini mtoto.

Sisi huku ni wazima. Goti la Leoncio linamsumbua, lakini kila asubuhi anakwenda shambani kuwatazama vijana wanaovuna zabibu na kuwaambia wanakosea. Jana nilimwambia akae chini apumzike. Akaniambia, "Nikikaa chini utanituma dukani, afadhali nisimame." Ndivyo tunavyoishi. Bilinganya mwaka huu zimetoka ndogo na ngumu, zinafaa kabisa kutia siki, na nimeshajaza mitungi kumi na mmoja.

Najua hapo umeshaanza kutikisa kichwa. Tangu utotoni ulikuwa ukisema Casilda akianza kuhesabu mitungi, basi ana jambo linamkwama kooni. Ni kweli, linanikwama. Jumapili nilipokupigia simu nikakwambia usikate nyuzi mpaka barua yangu ifike, ukacheka ukaniuliza kuna nini ndani ya hiyo barua, nikakujibu habari za zabibu. Niliona haya, dada. Kwenye simu mtu anakusikia unavyopumua. Kwenye karatasi naweza kusema yote bila kukimbia.

Barua yako ya Julai niliisoma nimesimama jikoni, nikalazimika kuvuta kiti. Uliandika kwamba umeutoa kabatini mto wa kusukia lesi wa mama yako, Mama Mkubwa, ukafungua ule utepe mweusi ulioufungia vijiti siku ya mazishi, ili umalizie ile lesi aliyoianza yeye kwa ajili ya gauni la ubatizo la kitukuu wake wa kwanza. Ukasema sehemu iliyonyooka umeisuka bila taabu, lakini ukifika kwenye kona utepe unajikunja na kuinuka kama ukingo wa kofia. Umefumua mara kumi na saba. Ukasema kitabu nilichokutumia ndicho kitabu kizuri kuliko vyote, michoro yake mtoto mdogo angeielewa, kwa hiyo tatizo si kitabu, tatizo ni wewe. "Mikono yangu si mikono ya mama," uliandika. Na kwamba ikifika mwisho wa Septemba hujaweza, utazikata nyuzi za Mama Mkubwa, ununue lesi ya dukani, Malena abatizwe nayo tarehe kumi na sita Oktoba, yaishe.

Mikono yako haina kasoro, Obdulia. Kitabu ndicho kibovu. Ni kibovu ukurasa mmoja tu, wa thelathini na nne, na aliyeuharibu ni mimi.

Tafadhali usiitupe barua kabla hujafika mwisho.

Unakumbuka miaka minne iliyopita uliniomba nikutafutie kitabu cha mafunzo cha lesi yetu ya utepe. Nilikutafutia, hilo sikudanganyi. Cha kwanza nilikipata Madrid tulipompeleka Leoncio kwa daktari wa macho. Kilikuwa kinene kweli, na ndani yake mna lesi za watu wengine kabisa, za vijiti mia na zaidi, wala utepe wetu wa jozi sita haumo. Cha pili kilikuwa na picha za kupendeza. Anayejua kusuka angezitazama mate yakamdondoka, na asiyejua angekifunga akiwa hajui vilevile. Cha tatu kilikuwa na michoro na mishale, ila mishale yenyewe iliishia pale utepe unapoanza kupinda, na mwandishi akaandika, "endelea vivyo hivyo." Wewe ukaniandikia, "Niendelee vivyo hivyo mpaka wapi, mpaka baharini?" Nikacheka peke yangu barazani mpaka jirani akachungulia.

Lakini kuna jambo sikukwambia. Kila nilipoingia duka la vitabu, ukurasa wa kwanza kuutafuta ulikuwa wa kona. Nilitazama kama mtu fulani, mahali fulani, ameshaiandika kona ya Mama Mkubwa. Nikikuta haipo, nilinunua kile kitabu na kutoka nimefurahi. Nilikuwa nakutumia vitabu ambavyo nilijua havitakufikisha popote, na nilikuwa nalala usingizi mzuri tu.

Halafu Fuencisla akaja na wazo lake. Yule binti wa mwokaji mikate, aliyekuwa mwalimu, mwenye sauti ya kuamrisha hata akikutakia heri. Alisema kama hakuna kitabu kizuri tutakitengeneza sisi wenyewe, wanawake wanane wa chama cha kusuka, kabla hatujafa na kila kitu kichwani. Tukawa tunakutana kila Jumatano kwenye darasa la zamani, kila mtu na mto wake, yeye akichora kwa penseli za rangi. Nyekundu kwa jozi inayotembea, buluu kwa jozi zinazosimama, kijani pale unapounga kwa sindano ya kroshia. Alichora miaka miwili. Sijaona mtu mwenye subira kama ile, na ndiyo maana ninalokuungamia leo linaniuma zaidi.

Wewe unazijua desturi zetu. Jirani akibisha hodi, mto unafunikwa kitambaa kabla mlango haujafunguliwa. Na ukimfundisha binti wa mtu, unamfundisha kila kitu isipokuwa kitu kimoja, hicho unambakizia mwanao. Mama zetu walifanyiana hivyo miaka yote huku wanakula meza moja, na hakuna aliyeona ni ubaya. Kwa hiyo tulipofika kwenye kona, wenzangu sita wote wakainama wakajifanya wanatafuta pini. Kisha mmoja mmoja wakanitazama mimi, maana wanajua nilikaa kwa Mama Mkubwa kuliko mtu yeyote.

"Haya Casilda, kona," Fuencisla akasema. "Taratibu, mimi si treni."

Nikaichukua jozi inayotembea, nikaipeleka mpaka ukingo wa ndani, nikaizungusha kwenye pini, nikaikaza, nikairudisha. Na tena. Na tena. Kila safu mpaka kwenye pini, na kila safu kukaza. Yeye anachora.

Hortensia wa kwenye duka la dawa akanyanyua kichwa. "Mbona mama yangu alikuwa kama anaruka hapo ndani?"

"Mama yako alikuwa haoni vizuri," nikamjibu.

Wote wakacheka, hata Hortensia. Fuencisla akaandika, "kaza na urudi," akafungua ukurasa mwingine. Ilikuwa rahisi hivyo. Nilikwenda nyumbani nikapika supu.

Nilijiambia ni desturi tu, kila mtu amebakiza chake. Pengine ni kweli wengine nao wamebakiza, sijui. Lakini wao hawakuwa na dada huko Rosario, Argentina, anayesubiri kitabu hicho kwa hamu. Mimi nilikuwa naye. Nakala ya kwanza iliyotoka nilikutumia wewe, tena nikaandika ndani kwa mkono wangu: "Kwa dada yangu Obdulia, hatimaye." Nikiukumbuka mwandiko ule natamani ardhi inifunike.

Baada ya kusoma barua yako nilikaa siku tisa bila kumwambia mtu. Leoncio alidhani naumwa tumbo, akaninunulia maji ya gesi. Siku ya kumi nikamweleza, kwenye meza ya chakula cha mchana. Alimaliza mkate uliokuwa mkononi. Kisha akasema, "Sasa unaniambia mimi nifanye nini? Mimi sisuki." Akasogeza sahani yake. "Nenda kwa mwenye kitabu kwanza."

Nikaenda. Fuencisla alikuwa uani anamenya viazi. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa atanipa kahawa na nitashindwa.

Dada, hakupiga kelele. Aliweka kisu chini akaniuliza, "Unajua nimepata barua ngapi za ukurasa huo?" Nikasema sijui. "Kumi na nne. Wanawake wa Bilbao, wa Lisboa, mmoja wa Ubelgiji. Wote wanasema kona inajikunja. Na unajua niliwajibu nini?" Nikatazama viazi. "Niliwajibu wafanye mazoezi! Mimi! Mwalimu wa miaka thelathini na sita, nimewaambia watu wazima wafanye mazoezi ya uongo wako!"

Nikaanza kulia. Akanirushia kitambaa cha jikoni. "Lia, lakini ukimaliza kuna kazi," akasema, na akaenda kuleta karatasi.

Alinilazimisha niandike masahihisho kwa mkono wangu, naye akayapeleka kuchapishwa kwenye vipande vidogo vya kubandika juu ya ukurasa. Kimoja nimekiweka ndani ya bahasha hii. Utaona kimeandikwa hivi: "Kosa la ukurasa huu si la mchoraji. Ni la Casilda Moraleda, aliyejua ukweli na hakuusema." Niliomba maneno yapunguzwe. Alikataa. Jumatano iliyopita tulikaa wote wanane tukibandika nakala zilizobaki, na mimi ndiye niliyekuwa napaka gundi. Hortensia alikaa mwisho wa meza. Hakunisemesha mpaka wakati wa kuondoka, aliponiambia, "Mama yangu alikuwa anaona vizuri sana."

Hayo ni ya kijiji, na yatapita. Yanayobaki ni yetu wawili, na haya ndiyo yaliyonifanya niogope simu.

Ulipoondoka kwenda Argentina mwaka wa sabini na nne, Mama Mkubwa alibaki na nyumba kubwa na mto wake. Mimi nikawa nakwenda kila alasiri. Mama yangu mwenyewe alikuwa akinitania kwamba nimehamia kwa dada yake. Baridi ya kwanza alinifundisha utepe ulionyooka, ya pili jinsi ya kuunga kwa sindano, ya tatu akafunga mlango, akashusha pazia, akanionyesha kona. Nilipoiweza, alizishika nyuzi zangu zisiende mbele, akasema, "Hii si yako. Naiweka kwako. Obdulia akija kuitaka, mpe." Nikasema ndiyo. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba na nilikuwa mtoto mtiifu.

Miaka ishirini na mbili baada ya hapo niliendelea kwenda. Nilimkata kucha, nilimsomea barua zako, nilimpaka mafuta miguu. Sikusemi, dada. Ulikuwa na watoto na ng'ambo ni ng'ambo. Nakueleza tu ili ujue kilichoota ndani yangu. Barua yako ikifika, alikuwa akiisikiliza mara tatu, na mimi niliyeisoma alikuwa ananiambia tu nimsogezee miwani.

Siku ya mwisho hospitalini wewe ulikuwa bado kwenye ndege. Hili sijawahi kukwambia. Alifumbua macho, akanishika mkono, akaniita Obdulia. Alifurahi sana. Akasema, "Obdulia, umekuja. Kona ipo kwa Casilda. Mwombe, hatakunyima."

Sikumwambia kwamba mimi ndiye Casilda. Nilimjibu, "Sawa, mama." Akalala, na hakuamka. Wewe uliingia kesho yake saa nne asubuhi na koti la mvua, ukaniuliza kama alisema neno lolote, nikakwambia hakusema kitu.

Obdulia, niliiba maneno ya mwisho ya mama yako. Niliyaiba kwa wivu, kwa kuwa hayakuwa yangu. Kisha baada ya mazishi nikakuona unafunga vijiti vyake kwa utepe mweusi, unaubeba mto, na moyoni nikasema haya, chukua mto, kona inabaki hapa. Imebaki miaka kumi na miwili. Umeniomba mara nne, na mara zote nne nimekupa kitabu.

Basi hii hapa. Nimeandika kama alivyokuwa akisema yeye. Hata maneno si yangu.

Utepe ukianza kupinda, tazama ukingo wa ndani. Ipeleke jozi inayotembea, lakini isifike kwenye pini. Ikifika kabla ya jozi ya mwisho, isokote mara moja, uirudishe. Ile jozi ya mwisho iache ilale. Nenda nje, zungusha kwenye pini ya nje kama kawaida, rudi. Iache ilale mara ya pili. Safari ya tatu ndiyo uiamshe: pita nayo, zunguka pini ya ndani, na usikaze. Hapo kila mtu anataka kukaza. Mama Mkubwa alikuwa akinipiga kidole kwa kijiti nikikaza. Mbili ilale, ya tatu iamshe, mpaka utepe unyooke tena. Nje una safu nyingi, ndani chache, kwa hiyo hauna sababu ya kujikunja. Ni hilo tu. Ndilo nililokuficha.

Nimekuwekea pia kadi yake ya njano yenye matobo ya pini za kona, ile ya asili. Alama za penseli pembeni mwa matobo ya ndani ni zake. Ilikuwa kwenye droo yangu chini ya mashuka. Barua naituma kwa posta ya haraka, wameniahidi siku nane, na utakuwa bado na zaidi ya mwezi mzima kabla ya ubatizo. Kwa mikono yako wiki mbili zinatosha.

Sikuombi unisamehe kwenye barua hii, ingekuwa kuomba haraka mno. Nakuomba jambo moja. Siku ukizing'oa pini na kona ikalala juu ya gauni, usimwambie Malena kwamba imetoka kwa Casilda. Mwambie ameachiwa na mama yake bibi, ilichelewa tu njiani.

Nisalimie Graciela na mumewe, na yule mwanao Ismael, mwambie bado nina kisu chake cha kukunja alichokisahau hapa. Busu Malena kwenye masikio yote mawili. Leoncio anasema nikuambie kwamba yeye hakujua chochote, na ni kweli. Fuencisla anakusalimu pia, ingawa hakujui, na anasema akipata picha ya hiyo kona ataiweka kwenye kitabu kikichapishwa tena, kwa jina la Mama Mkubwa Práxedes.

Mungu ayatunze macho yako, aiongoze mikono yako, na amlinde mtoto kisimani pa ubatizo na siku zote za baada yake.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye, na aliyekunyima,

Casilda